Lakrosi ipi ya kuanza nayo: ya uwanjani, ya boksi, ya watu sita au ya wanawake?

Jumamosi moja ya Julai, hapa Bombo, Uganda, ligi ya Uingereza ikiwa likizoni na kibanda cha mpira kimenuna, niliwaita watu wawili sebuleni kwangu tutazame lakrosi. Mmoja shemeji yangu, ambaye basketi ya Lugogo haimpiti. Wa pili jirani yetu, afande mstaafu, bondia wa zamani wa kambini. Nikawawekea mechi niliyoipenda mimi, ya uwanja mkubwa, wanaume kumi kwa kumi. Dakika ya nane shemeji akauliza, "Sasa mpira uko wapi?" Dakika ya ishirini afande akasimama. "Kijana, nakwenda kufungia kuku." Kuku wenyewe walikuwa wamelala tangu magharibi.

Kosa lilikuwa langu. Lakrosi si mchezo mmoja. Leo inachezwa kwa namna nne, na kila namna inamtaka mtazamaji wake. Anayekualika hukuonyesha ile anayoipenda yeye, wewe unaona vurugu za fimbo, unaaga kwa adabu na kusema mchezo huu si wako. Tangu siku ile nikimwalika mtu namuuliza kwanza: wewe umezoea kutazama nini?

Kwa asiyeijua kabisa: kila mchezaji ana fimbo yenye kikapu cha nyavu kwenye ncha. Mpira hubebwa, hurushwa na kudakwa kwa kikapu hicho, si kwa mkono. Anayekimbia nao huitikisa fimbo kama anayembembeleza mtoto, mpira usidondoke. Mpira ni wa raba ngumu tupu, mdogo kidogo kuliko wa tenisi, na mashuti ya wanaume wakali hupita kilomita 160 kwa saa. Walioanzisha ni wenyeji wa Amerika Kaskazini, karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Kati yao, Wahaudenosaunee, wanaouita mchezo wa Muumba, mpaka leo wana timu yao ya taifa. Mwaka 2010 walikosa Kombe la Dunia la Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa pasi za kusafiria za taifa lao. Mganda aliyewahi kupanga foleni ya viza hahitaji kuelezwa zaidi.

Nitakavyozipima

Vipimo vyangu ni vinne, na vyote ni vya mtu anayetazama kwa simu au kwa televisheni ya nyumbani akiwa Uganda. Cha kwanza ni jicho: mgeni anaweza kuufuata mpira, au ataishia kutazama watu wakikimbia? Cha pili ni sheria: ngapi lazima azijue ndipo mechi imnogee, na ngapi zinaweza kusubiri. Cha tatu ni saa na data, kwa sababu mechi nyingi zinachezwa Marekani na Kanada, wakati sisi tumelala. Cha nne nakiita "wetu": kuna Mganda humo wa kumshangilia? Mtu huvumilia mchezo asiouelewa kwa muda mrefu ikiwa jezi ni ya nyumbani.

Ya uwanjani, wanaume

Hii ndiyo niliyowaharibia nayo jioni. Uwanja una urefu wa karibu mita 100, kama wa kandanda. Kila timu ina golikipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Mtu wa kandanda akisikia mpangilio huo anajihisi nyumbani mara moja, halafu mchezo unaanza na nyumba inampotea.

Kinachompoteza ni goli. Haliko kwenye mstari wa mwisho, limewekwa ndani ya uwanja, na nyuma yake kuna nafasi pana ya kuchezea. Mara nyingi mshambuliaji mwerevu kuliko wote husimama huko nyuma ya goli kama dereva wa boda anayesubiri abiria, anatazama nani atafunguka mbele, kisha anampa pasi. Ukiendelea kutazama mbele ya goli kama ulivyozoea, kila bao litakushtukiza. Dawa yake ni kumtafuta kwanza mtu wa nyuma ya goli, kisha ndiyo umtafute mpira.

Sheria mbili ndizo humkera mgeni. Ya kwanza ni ofsaidi, ambayo haifanani na yetu. Hapa wanahesabiwa watu: kila timu lazima ibakize angalau wanne upande wake, golikipa akiwamo, na angalau watatu upande wa wapinzani. Ndiyo maana beki akipanda na mpira, kiungo mmoja hubaki mstari wa kati ameinua fimbo juu, kama anayesema "mimi nimebaki". Ya pili ni shuti linalotoka nje. Kwenye kandanda tunauliza nani kaugusa mwisho. Huku, shuti likikosa goli na kutoka, mpira hupewa timu ya mchezaji aliyekuwa karibu zaidi nao ulipovuka mstari. Basi utaona mtu anakimbilia mstari wa nyuma kwa nguvu zote wakati mwenzake ndiyo kwanza anapiga. Si mwendawazimu, anakwenda kuchukua bima. Shemeji nilipomweleza hili, wiki tatu baadaye, alisema laiti ningelisema usiku ule angebaki.

Miili inagongana lakini kwa kiasi, na helmeti zipo. Mabeki huruhusiwa fimbo ndefu, nyingine zinakaribia mita 1.8, na wanazitumia kugonga fimbo ya mwenye mpira hadi mpira umtoke. Ukiwa mpenzi wa raga ya Kyadondo utapenda hasa dakika mpira unapokuwa chini na watu watano wanauinamia.

Kwa upande wa saa, hii ndiyo yenye huruma kwetu. Ligi ya kulipwa ya Marekani, PLL, ilianza kuchezwa 2019, ina timu nane, na msimu wake ni Juni hadi Septemba. Maana yake wiki nyingi inachezwa wakati ligi ya Uingereza imelala na vibanda havina cha kuonyesha. Mechi ikianza saa 7 mchana New York, hapa ni saa 2 usiku, watoto wameshakula. Ila ikianza saa 1 jioni kule, hapa ni saa 8 usiku. Fainali ya vyuo vikuu vya Marekani huangukia Jumatatu ya mwisho ya Mei.

Data ndiyo balaa. Uwanja ni mpana na kamera iko mbali, kwa hiyo ukishusha ubora wa picha ili bando lisiishe, kitu cha kwanza kupotea ni kile kimpira. Ukibana matumizi utatazama mchezo wa fimbo bila mpira.

Wetu wapo. Mwaka 2014, kwenye Kombe la Dunia lililochezwa jimbo la Colorado, Uganda ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki. Ikarudi Netanya, Israel, mwaka 2018, na San Diego mwaka 2023. Fainali za miaka hiyo zote zilikuwa kati ya Marekani na Kanada: Kanada walichukua 2014 kwa mabao 8 kwa 5, Marekani wakachukua 2018 kwa 9 kwa 8, na 2023 kwa 10 kwa 7. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wanakesha, ile ya 2018 inatosha.

Ya boksi

Chukua ukumbi wa hoki ya barafu, ondoa barafu, acha zile mbao za pembeni, kisha weka wachezaji watano na golikipa kila upande. Wakanada waliianza miaka ya 1930, wenye kumbi za hoki walipotaka kitu cha kujaza viti wakati wa joto. Kanada lakrosi ni mchezo wa taifa wa kiangazi kwa sheria ya 1994, na mtoto wa Kikanada mara nyingi hukulia kwenye boksi kabla hajaona uwanja wa nyasi.

Jicho linapata raha hapa. Kamera iko karibu, eneo ni dogo, na mpira ukigonga mbao unarudi mchezoni. Hata ukiwa na picha hafifu ya simu unaweza kuufuata. Goli ni dogo, kama mita 1.2 tu kwenda juu, na golikipa amevaa mito mikubwa mwili mzima hadi anafanana na mtu aliyebeba magodoro ya soko la Owino mgongoni na kifuani. Ukimtazama unajiuliza mpira utapita wapi. Halafu unapita, tena mchezaji ameupigia nyuma ya mgongo. Uhodari wa boksi uko kwenye hila za karibu: kudanganya mara mbili, kuchelewesha, kupenyeza mpira kwenye upenyo wa kiganja.

Sheria za kuanza nazo ni chache. Timu yenye mpira ina sekunde 30 za kupiga golini. Anayefanya faulo kubwa anakwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu, kwa kawaida dakika mbili, na timu yake inacheza pungufu. Ofsaidi isikuumize kichwa. Ila ujiandae kwa ugomvi: kusukumana kwa mpini wa fimbo ni sehemu ya ulinzi, na kwenye ligi yao, NLL, watu wawili hufikia kuvua glavu na kuzipiga kabisa, kisha kila mmoja anakaa nje dakika tano. Mimi sipendi. Mke wangu akiona anazima televisheni. Afande, nilipomwonyesha dondoo za boksi, alisogeza kiti karibu na akaanza kuwafundisha wachezaji jinsi ya kuinua kidevu.

Ubaya ni saa. NLL inachezwa Desemba hadi Mei, majira ya baridi kule, na mechi nyingi ni za usiku wao. Ikianza saa 1 na nusu usiku Toronto, hapa ni saa 9 na nusu usiku, saa ya walinzi na wauguzi wa zamu. Kuna upenyo mmoja: mechi za Vancouver, pwani ya magharibi. Ikianza saa 1 jioni kule, hapa ni alfajiri. Asiyeamka alfajiri atategemea dondoo za YouTube, na kwa boksi dondoo hazipunguzi utamu sana kwa kuwa mabao ni mengi na kila moja lina hila yake.

Kuhusu "wetu", huku ni kwa Wakanada na Wahaudenosaunee. Kombe la Dunia la boksi lilianza 2003, na upande wa wanaume Kanada hawajawahi kuliachia. Utachagua timu kwa rangi ya jezi, kama wengi wetu tulivyochagua timu za Uingereza.

Ya watu sita

Hii ni changa. Shirikisho la dunia liliizindua mwaka 2021, na lengo halikufichwa: kupata mchezo mfupi wenye watu wachache utakaokubalika Olimpiki. Oktoba 2023, mjini Mumbai, kamati ya Olimpiki ikakubali. Lakrosi itachezwa Los Angeles 2028, wanaume na wanawake, ikiwa ni mara ya kwanza kushindania medali tangu London 1908. Medali za 1904 na 1908 zote za dhahabu walibeba Wakanada.

Watu sita kila upande, golikipa akiwamo, kwenye uwanja wa mita 70 kwa 36. Robo nne za dakika nane. Sekunde 30 za kupiga golini. Fimbo ndefu za mabeki hazipo, kwa hiyo hakuna beki wala mshambuliaji wa kudumu: wote wanashambulia, wote wanarudi. Bao likifungwa hakuna kurudi katikati, golikipa anautoa mpira nyavuni na kuendelea papo hapo. Anayesherehekea ameshafungwa.

Unaona kwa nini shemeji hakutaka kurudi nyumbani siku nilipomwekea hii. Ni basketi yenye fimbo. Shambulizi, kurudi, shambulizi, timu kufikisha mabao 15 au 20 si ajabu. Uzito wa sheria ni mdogo kuliko zote nne. Ukijua ile saa ya sekunde 30 umejua karibu kila kitu cha siku ya kwanza. Jicho lina nafuu kuliko uwanja mkubwa, ingawa si kama boksi.

Nina lawama yangu, na niiseme. Ukishaonja ile subira ya uwanja mkubwa, mtu wa nyuma ya goli akipika shambulizi kwa dakika nzima, hii inakuwa kama rolex, ile chapati ya kuviringishia yai, iliyokaangwa kwa haraka: imeiva, inashibisha, ila yai halijashika vizuri. Kuna mechi ambazo hadi robo ya tatu hukumbuki bao hata moja kwa sura yake. Wapenzi wa kriketi fupi watanicheka, maana haya haya yalisemwa kuhusu wao.

Mechi ni fupi, basi data inavumilika, inaisha ndani ya muda wa filamu moja ya kibanda. Kwenye Michezo ya Dunia ya Birmingham, Alabama, mwaka 2022, dhahabu zote mbili zilikwenda Kanada na fedha zote mbili Marekani. Kwa 2028, tofauti ya saa kati ya Los Angeles na Kampala ni kumi: ikichezwa saa 3 asubuhi kule, hapa ni saa 1 jioni, ikichezwa jioni yao, sisi ni alfajiri. Kuhusu wetu, nafasi Olimpiki ni timu sita tu kwa wanaume na sita kwa wanawake, kwa hiyo njia ni nyembamba kwa kila nchi ya Afrika. Lakini mchezo unaohitaji watu kumi na wawili kikosini ni rahisi zaidi kuanzishwa shuleni kuliko ule wa kikosi cha watu ishirini na kitu, hasa fimbo zikiwa za kuagizwa ng'ambo.

Ya wanawake, uwanjani

Watu hudhani ni ile ya wanaume iliyopunguzwa ukali. Sivyo, ni mchezo wenye nasaba yake. Mwaka 1890 shule ya wasichana ya St Leonards, Uskoti, ilianza kuucheza, na tangu hapo ulikua kivyake. Kugongana miili hakuruhusiwi, kwa hiyo wachezaji hawavai helmeti isipokuwa golikipa. Wengi huvaa kinga ya macho na ya meno tu. Faida ya kwanza kwa mtazamaji ni kwamba unaziona nyuso. Mgeni hushikamana na mchezo haraka anapomtambua mtu, na kwenye helmeti wote wanafanana.

Faida ya pili ni pasi. Kwa kuwa huwezi kumpiga kikumbo mwenye mpira, kinachobaki ni miguu na akili, na mpira unatembea hewani zaidi. Aliyelelewa na netiboli ya shule ataona undugu: nafasi, muda, pasi ya kumkuta mtu anakokwenda. Mpira wa kuanzia hubanwa kati ya migongo ya fimbo mbili, kisha huruka juu na watu wanaugombea. Ni picha nzuri hata kama huelewi kingine chochote.

Sheria ndizo kikwazo, na hapa ndipo wanaume wanapokuwa rahisi zaidi. Filimbi ni nyingi. Sheria inayowachosha wageni ni ya usalama wa shuti: mlinzi haruhusiwi kusimama kwenye njia ya mpira kati ya mpigaji na goli ikiwa hayuko karibu na mtu anayemkaba. Refa anapuliza, wewe unaona mtu aliyesimama tu hakufanya kitu. Kumbe kusimama kwenyewe ndiyo kosa. Faulo karibu na goli huzaa mkwaju wa bure, mpigaji akianza mbio kuelekea goli, na hapo roho inakaa mkononi kuliko kwenye penalti.

Saa ni zile zile za Marekani. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 ilichezwa Towson, Maryland, Marekani wakiwashinda Kanada 11 kwa 8, na la 2026 limepangiwa Tokyo. Saa za Tokyo ni habari njema: wako mbele yetu kwa saa sita, basi mechi ya jioni kule ni ya mchana hapa.

Kwa hali yako

Ukiwa mtu wa kandanda mwenye subira, anza na uwanja mkubwa wa wanaume, lakini iwe kwenye televisheni na si kwenye simu, Julai, na mtu wa kukueleza ile sheria ya shuti linalotoka nje. Huna mtu huyo, uirudie namna hii baada ya miezi miwili.

Ukiwa wa basketi, au una saa moja tu usiku kabla ya kulala, au una bando la kubahatisha, ya watu sita inakufaa. Hali kadhalika ukitaka kuwa tayari 2028 bila kuanza kujifunza siku ya ufunguzi.

Ukiwa wa ndondi au wa raga, au mtazamaji wa dondoo za dakika kumi kwenye teksi ya kwenda mjini, nenda boksi. Ukiwa na watoto wadogo sebuleni, chagua mechi kwanza mwenyewe.

Ukiwa umecheza netiboli, au unataka kutazama na binti yako mchezo ambao naye anaweza kuujaribu kesho yake, ya wanawake ndiyo mahali pake, mradi mvumilie filimbi kwa mechi mbili za mwanzo.

Na ikiwa kinachokuvuta ni bendera tu, basi usianze na ligi yoyote. Tafuta mechi za Uganda za 2018 au 2023, tazama moja hadi mwisho, kisha ndiyo uchague.

Afande hajarudi kwenye uwanja mkubwa mpaka leo. Ila msimu wa Desemba, siku Vancouver wanapocheza nyumbani, akitoka kuswali alfajiri hapitilizi kwake. Anabisha hodi kwangu kwanza, na chupa ya chai anakuja nayo mwenyewe.